Upepo Usiotoka Chumbani

Washa helikopta ndogo ya rimoti katikati ya sebule, iinue kidogo tu, na pazia litajua kabla yako. Litaanza kutikisika ingawa madirisha yamefungwa na pangaboi la darini limezimwa. Punde si punde kidude chenyewe, kilichokuwa kimetulia hewani vizuri, kitaanza kuyumba na kujikokota kuelekea ukutani. Wengi hapo hulaumu rimoti, au betri, au kiwanda kilichokitengeneza. Mara nyingi hakuna mwenye kosa kati ya hao.

Watu hurushia ndani kwa kuamini kwamba ndani hakuna upepo. Ni kweli, upepo wa nje haupo. Lakini helikopta, iwe ya kubeba wagonjwa au ya kuchezea, haielei kama puto. Inakaa juu kwa kusukuma hewa chini bila kupumzika. Uwanjani hewa hiyo ikishasukumwa huenda zake. Chumbani haina pa kwenda: inagonga sakafu, inatambaa hadi ukutani, inapanda na ukuta, kisha inarudi juu ya mapanga yaleyale yaliyoisukuma. Rubani wa sebuleni anapambana na upepo alioutengeneza mwenyewe.

Upepo huo si haba. Tuchukue helikopta ya gramu 40, yenye mapanga yanayochora duara la kipenyo cha sentimita 19. Kwa hesabu ya kawaida ya rafadha, ili ikae hewani ni lazima hewa ipite kwenye duara hilo kwa kasi ya takriban mita 2.4 kwa sekunde. Zidisha kasi hiyo kwa eneo la duara, utapata lita 68 hivi kila sekunde. Hewa hiyo ina uzito wa gramu 80 au zaidi kidogo, maana yake ni kwamba kila sekunde chombo kinasukuma chini hewa yenye uzito mara mbili ya uzito wake chenyewe. Chumba cha mita nne kwa nne, chenye dari ya mita mbili na nusu, kina lita 40,000 za hewa. Ndani ya dakika kumi, ujazo sawa na wa chumba kizima utakuwa umepita kwenye mapanga ya kitu kinachokaa kiganjani.

Ndiyo sababu kila sehemu ya chumba ina tabia yake. Sakafu ni rafiki, ila ana masharti. Helikopta ikiwa chini ya kimo kinacholingana na kipenyo cha mapanga yake, hewa inayoshuka hubanwa na sakafu, na mapanga hupata nguvu ya ziada kwa umeme uleule. Anayejifunza hufurahi kuona kimenyanyuka upesi, kisha hukasirika kuona kinateleza huku na huko juu ya vigae bila kutulia, kwa kuwa kinaogelea kwenye vurugu lake chenyewe. Dawa yake inawashangaza wengi: kipandishe juu zaidi, hadi usawa wa kifua, kitatulia. Halafu jaribu kukipitisha juu ya meza. Kikifika juu ya meza kitanyanyuka, maana kimepata sakafu mpya. Kikivuka ukingo kitashuka ghafla, maana sakafu hiyo imeondoka. Vikombe vingi vimevunjwa na fizikia hiyo.

Dari ni adui mwenye sura ya rafiki. Mapanga yakikaribia dari, hewa ya kuvuta kutoka juu inapungua na kulazimika kujipenyeza kutoka pembeni. Shinikizo la hewa juu ya mapanga linashuka na nguvu ya kunyanyua inaongezeka. Kadiri unavyokaribia ndivyo unavyovutwa zaidi, hadi mapanga yanakwaruza rangi. Mtu akiogopa hukata umeme wote kwa mara moja, na kidude kinaporomoka mita mbili na nusu hadi chini. Kilichotakiwa ni kupunguza kidogo tu na kusubiri.

Ukutani hali ni nyingine. Upande wa mapanga ulio karibu na ukuta ndio unaopokea hewa iliyopanda na kurudi, hewa ambayo tayari inakwenda chini kabla haijaguswa. Upande huo unanyanyua kidogo kuliko wa pili, chombo kinaegemea ukutani, na kwa kuegemea huko kinazidi kuusogelea. Kwenye kona kuta ni mbili, kwa hiyo balaa ni mbili. Na yeyote anayeshusha helikopta wima kwa haraka atakuta inazama ndani ya hewa yake yenyewe iliyochafuka, na kuongeza umeme hapo hakusaidii sana. Marubani wa helikopta kubwa wanaifahamu hatari hiyo na hufundishwa kutoka kwa kusogea pembeni, waingie kwenye hewa safi. Sebuleni dawa ni ileile, ilimradi pembeni pasiwe na televisheni.

Pamoja na yote hayo, mtoto wa miaka kumi anaweza kuimudu helikopta ya namna hii baada ya mchana mmoja wa mazoezi. Siri ya wepesi huo iko kwenye mapanga yake. Mota ikizungusha mapanga upande mmoja, mwili wa helikopta hutaka kuzunguka upande wa pili. Ndiyo sheria ya tatu ya Newton ikifanya kazi. Helikopta nyingi kubwa huzuia hilo kwa rafadha ndogo ya mkiani. Nyingi za sebuleni zina rafadha mbili kwenye mhimili mmoja, ya juu ikienda huku na ya chini kule, na nguvu zao za kuuzungusha mwili zinafutana. Ukitaka igeuke, rimoti inaharakisha moja na kupunguza nyingine. Kwenye mkia kuna kipangaboi kinachotazama juu: kikinyanyua mkia, pua inainama na chombo kinasonga mbele polepole. Haiendi kushoto wala kulia bila kugeuka kwanza, na upungufu huo ndio unaomwokoa anayejifunza. Zile zenye rafadha moja na uwezo wa kwenda kila upande ni tamu kwa mzoefu, lakini anayeanza nazo ndani ya nyumba ya kupanga anatafuta ugomvi na mwenye nyumba.

Tazama tena juu kabisa ya shafti. Utaona kijiti chembamba chenye vizito viwili, kimoja kila ncha, kikizunguka pamoja na mapanga. Watu hudhani ni pambo. Kitu kizito kinachozunguka kwa kasi hung'ang'ania kubaki katika mkao wake. Kwa hiyo chombo kikiyumba, kijiti hakifuati mara moja. Kimeunganishwa na mapanga kwa vijifito, na tofauti ya mkao kati yake na mwili inabadilisha mlalo wa mapanga, yanarudisha chombo sawa. Hakuna kompyuta hapo.

Kijiti hicho kina ukoo. Mmarekani Arthur Young, aliyesoma hisabati Princeton, alianza kuhangaika na helikopta mwaka 1928, na kwa zaidi ya miaka kumi hakujenga hata moja ya kupanda mtu. Alijenga modeli ndogo. Kazi kubwa aliifanya ghalani huko Paoli, Pennsylvania. Modeli ikipaa ilikuwa ikiegemea upande mmoja, inakimbilia huko, inarudi kwa nguvu kupita kiasi, kisha inapinduka na kuvunjika. Alitengeneza nyingine, nayo ikavunjika. Kuvunjika kwake kulikuwa kwa bei nafuu, na nadhani siri ya ushindi wake ni hiyo zaidi ya hisabati: wenzake wengi walijenga mashine kamili, wakaziangusha, wakafilisika. Alipofunga fito yenye vizito chini ya mapanga, modeli ikatulia. Mwaka 1941 aliipeleka kwenye kampuni ya ndege ya Bell huko Buffalo, modeli yenye mota ya umeme na udhibiti wa mbali, akaionyesha ikiruka ndani ya kiwanda. Wakaingia naye mkataba. Matunda yake, Bell 47, yakawa Machi 1946 helikopta ya kwanza kuidhinishwa Marekani kwa matumizi ya kiraia.

Kabla ya hapo, mwaka 1944, mashine ya majaribio ya Young iitwayo Model 30 ilikuwa imerushwa na rubani ndani ya jengo la jeshi mjini Buffalo. Wajerumani walikuwa wametangulia: Februari 1938, Hanna Reitsch alirusha helikopta ya Focke-Wulf Fw 61 ndani ya ukumbi wa Deutschlandhalle, Berlin, mbele ya watazamaji. Ilikuwa propaganda ya utawala wa Hitler, lakini udhibiti aliouonyesha haukuwa wa uongo. Kukaa hewani kati ya kuta nne ni mtihani ambao hauna pa kujificha.

Hata helikopta ya sayari ya Mirihi ilianza maisha yake chumbani. Ingenuity, yenye uzito wa kilo 1.8 na rafadha mbili kwenye mhimili mmoja kama za kuchezea, ilijaribiwa California ndani ya chumba cha duara chenye upana wa mita 7.6, kilichotolewa hewa na kuachiwa gesi kidogo tu, inayofanana na ya Mirihi. Modeli za mwanzo, zilipoongozwa kwa mkono, hazikushikika. Tangu hapo usukani ulikabidhiwa kompyuta. Tarehe 19 Aprili 2021 ilipaa Mirihi kwa sekunde 39, na ikaendelea hadi safari 72.

Huku duniani, helikopta za mfukoni zilienea madukani baada ya mwaka 2006, kampuni ya Silverlit ya Hong Kong ilipotoa Picoo Z, kidude cha gramu kama kumi kilichobuniwa na Mbelgiji Alexander Van de Rostyne. Betri nyepesi za lithiamu ndizo zilizofungua mlango; zile za zamani zilikuwa nzito mno kwa kazi hiyo. Hata hivyo muda wa kuruka ni mfupi. Betri ya volti 3.7 na miliampia-saa 150 ina nishati ya jouli 2,000 hivi. Helikopta yetu ya gramu 40 inahitaji, kwa hesabu tupu, chini kidogo ya wati moja kukaa hewani. Ingekuwa hivyo, ingeruka zaidi ya nusu saa. Inaruka dakika nane. Zaidi ya robo tatu ya umeme inapotelea kwenye joto la mota, msuguano wa gia, na mapanga madogo ambayo kwa udogo wake hukutana na hewa iliyo kama nzito zaidi kuliko ile inayokutana na mapanga makubwa.

Anayetaka kuanza, achague yenye rafadha mbili. Nyingi za bei ndogo huongozwa kwa mwanga wa infraredi, ule wa rimoti ya televisheni, kwa hiyo jua la dirishani linaweza kuikatisha amri katikati ya safari. Funga pazia, na ulifunge kamba lisivutwe na mapanga. Zima pangaboi. Simama nyuma ya helikopta ikiwa imekupa mkia, maana ikikugeuzia pua kushoto kwako kunakuwa kulia kwake. Wenye nywele ndefu wazifunge, na watoto wadogo wasikae usawa wa mapanga, hasa kwa ajili ya macho. Ukiona inakwenda kugonga, zima mapanga kabla haijafika: gia na mapanga huvunjika yakigonga huku yanazunguka, na ni nadra kuvunjika kwa kuanguka tu, kwa sababu gramu 40 kutoka darini zinafika chini na jouli moja tu. Ikishatua, iache betri ipoe kabla ya kuichaji, usiichaji usiku ukiwa umelala, na ikivimba usiitumie tena.