Kuagiza wasia wa zamani kutoka Uingereza: unacholipia na unachosoma

Mtu wa Lubumbashi ana haja gani na wasia wa Mwingereza aliyekufa zamani? Swali hili niliulizwa na mwenzangu wa darasa, na jibu lake linaanzia kwenye reli. Reli ya kutoka Rhodesia ilifika Elisabethville mwaka 1910, na katika miaka ile ya mwanzo migodi ya Katanga ilikuwa na mafundi wengi waliosema Kiingereza. Kabla yao walikuja wamisionari: Frederick Stanley Arnot alifika kwa Msiri, huko Bunkeya, mwaka 1886, Dan Crawford, ambaye wanafunzi wa lugha za Kiafrika wanamjua kwa tafsiri yake ya Biblia katika Kiluba, alifariki Luanza mwaka 1926. Mafundi wengi walirudi kwao. Baadhi yao waliacha watoto hapa, na familia zimebaki na jina moja la Kizungu na bahasha moja, basi.

Nkambo wangu ni mmoja wa watoto hao. Baba yake alikuwa fundi wa mitambo, akarudi Uingereza nkambo akiwa angali mdogo. Hatukuwa tunatafuta mali. Nalisema mapema kwa sababu kila ninayemsimulia hudhani hivyo. Nkambo alitaka tu kujua baba yake alikufa lini.

Katika Uingereza na Wales, tangu tarehe 12 Januari 1858, kazi ya kuthibitisha wasia iliondolewa mikononi mwa mahakama za Kanisa ikapewa mahakama ya serikali. Wasia ukishathibitishwa huwa hati ya wazi: mtu yeyote, wa nchi yoyote, anaweza kuomba nakala bila kueleza undugu wake wala sababu yake. Wasia za kabla ya tarehe hiyo hutafutwa mahali pengine. Zile za mahakama kuu ya Canterbury, na wasia wa Shakespeare wa mwaka 1616 ni mmojawapo, ziko katika Hifadhi ya Taifa, Kew, jijini London.

Kwa hizi za baada ya 1858, kitu cha kwanza kutafuta si wasia wenyewe, ni daftari. Kila mwaka ilitolewa daftari ya marehemu wote ambao mirathi yao ilipita mahakamani, na kurasa za daftari hizo husomwa bure katika tovuti ya serikali ya Uingereza ya kutafuta wasia. Unaandika jina la ukoo na mwaka, ukurasa unafunguka. Lakini mwaka wa daftari ni mwaka wa kuthibitishwa, si mwaka wa kifo. Aliyefariki Novemba 1960 huenda yumo katika daftari ya 1961, au hata ya baadaye ikiwa ndugu walichelewa. Usikate tamaa kwa mwaka mmoja.

Mistari ya daftari ni michache lakini imeshiba: jina kamili, anwani, tarehe na mahali pa kifo, aliyekabidhiwa mirathi, thamani ya mali. Swali la nkambo, kwa hiyo, lingeweza kujibiwa bila kutoa hata senti. Tazama pia neno linalofuata jina. "Probate" maana yake wasia upo na umethibitishwa. "Administration" peke yake maana yake mtu alikufa bila wasia. Ukilipa utapata karatasi ya mahakama tu. Neno hilo likifuatwa na "with Will", wasia upo, ila anayesimamia mirathi si msii aliyetajwa ndani yake.

Mimi sikusoma kwa utulivu. Jina la baba wa nkambo ni la kawaida kule kama Ilunga lilivyo kwetu, na daftari ya 1961 ilikuwa na watu wawili wenye jina hilo. Nikamchukua wa kwanza. Wiki mbili baadaye nikapokea wasia wa muuza nyama aliyemwachia dada yake duka. Mji wa baba wa nkambo ulikuwa umeandikwa kwenye bahasha yetu siku zote hizo, juu ya kabati. Bahati yangu, mwaka ule wa 2023 nakala ilikuwa pauni 1.50, kabla ya 2019 ilikuwa pauni 10, na mwishoni mwa 2025 ilipandishwa hadi 16. Kwa bei hiyo ya mwisho, linganisha anwani kwanza.

Ukishampata mtu wako, unajaza fomu: jina, tarehe ya kifo na tarehe ya kuthibitishwa, kama vilivyo katika daftari. Halafu kadi. Pesa ya simu yenyewe haipokelewi. Inatakiwa kadi ya Visa au Mastercard iliyofunguliwa kwa malipo ya intaneti. Kadi yangu ilikataliwa mara mbili mpaka nilipokwenda benki kuomba ifunguliwe. Benki pia itageuza dola zako kuwa pauni na kukata chake. Ndugu aliye Ulaya anaweza kukulipia, ila oda iandikwe kwa barua pepe yako wewe, maana huko ndiko taarifa inakokuja nakala ikiwa tayari, kwa kawaida baada ya siku za kazi 10. Ipakue siku hiyohiyo na uichape. Wapo pia mawakala wanaouza nakala ileile kwa bei kubwa zaidi, sioni wanachoongeza.

Uskoti ina sheria yake na hifadhi yake. Arnot na Crawford walikuwa Waskoti, kwa hiyo anayewachunguza watu wa misheni zile asiishie kwenye daftari ya Uingereza. Tovuti ya ScotlandsPeople ina wasia za kuanzia 1513 hadi 1925, na huko unanunua kwanza pointi, kisha unazitumia kufungua hati.

Nakala ya pili ilikuwa sahihi: ukurasa mmoja uliopigwa kwa mashine. Hapo ndipo kazi ya mtu wa Kitivo chetu inapoanza, kwa sababu Kiingereza cha wasia si kile tunachofundishwa. Mwandishi "anatoa" mali yake kwa vitenzi vitatu mfululizo, give, devise and bequeath. Devise ilikuwa ya ardhi na nyumba, bequeath ya vitu vinavyohamishika. Give inatosha kwa vyote, lakini wanasheria hawapendi kuacha neno nje. Sisi neno letu wasia, lililotoka Kiarabu, linabeba mali na maonyo ya mzee kwa pamoja. Wasia niliousoma haukuwa na onyo hata moja.

Nyumba ilikwenda kwa mke. Kilichobaki kilikwenda kwa "my children" kwa sehemu sawa, bila kutaja jina la mtoto yeyote. Katika sheria ya Uingereza ya wakati ule, neno children ndani ya wasia lilimaanisha watoto wa ndoa peke yao, isipokuwa mwandishi aonyeshe vingine. Sheria ya mwaka 1969 ndiyo iliyobadilisha maana hiyo, kwa wasia zilizoandikwa kuanzia Januari 1970. Wa kwetu ulikuwa umeandikwa miaka mingi kabla.

Nilimsomea nkambo tarehe ya kifo, kisha nikamfasiria mstari ule: watoto wangu, kwa sehemu sawa. Akanyamaza kidogo. "Njo kusema na miye niko mule," akasema.

Sikumweleza sheria siku ile. Aliniomba niusome mstari tena, kwa Kiingereza, asikie baba yake alivyoandika.