Mshukiwa, mshtakiwa na mfungwa: Kila neno lina hatua yake

MIONGONI mwa maneno yanayokanganywa sana katika taarifa za mahakamani ni ‘mshukiwa’ na ‘mshtakiwa’. Utamsikia msomaji wa habari akisema, “Washukiwa walikana mashtaka,” na kabla hujameza mate anawaita ‘wezi’. Wapo wanaoona kwamba hilo ni kosa dogo la kalamu. Mimi sioni hivyo, kwa sababu maneno haya hueleza mahali alipofika mtu mbele ya sheria.

Hebu tuanze na maumbo. ‘Mshukiwa’ ni nomino inayotokana na kitenzi ‘shuku’, yaani kumdhania mtu ubaya bila ya kuwa na hakika. Katika kauli ya kutendwa, kitenzi hicho huwa ‘shukiwa’. Hapo pana kitawe, kwa kuwa kitenzi ‘shuka’, chenye maana ya teremka, nacho huzaa ‘shukiwa’ katika kauli ya kutendewa. Basi sentensi, “Kijana huyo alishukiwa na polisi,” ina maana mbili: polisi walimdhania kuwa mhalifu, au walimvamia ghafla. Dawa ya utata huo ni nyepesi. Andika “polisi walimshuku” au “polisi walimshukia”, kutegemea unachokusudia.

‘Mshtakiwa’ nalo linatokana na ‘shtaki’. Huyu si wa kudhaniwa tu. Amefunguliwa shtaka linalojulikana, naye hulijibu kwa kulikiri au kulikana. Kwa hivyo wanaokana mashtaka ni washtakiwa, si washukiwa.

Tofauti hii ina uzito nchini Kenya. Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 inataka mtu aliyekamatwa afikishwe kortini haraka iwezekanavyo, kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa muda huo ukiisha wakati korti haiketi. Anapofika huko kwa mara ya kwanza, ama ashtakiwe, ama aelezwe sababu ya kuendelea kuzuiliwa, ama aachiliwe. Mwandishi anapomwita ‘mshtakiwa’ mtu ambaye hajasomewa shtaka lolote, anamficha msomaji swali muhimu: mbona mtu huyu bado yumo seli?

Kosa la pili ni kumwita ‘mfungwa’ kila aliye nyuma ya nondo. Mfungwa amepatikana na hatia na kuhukumiwa kifungo. Anayezuiliwa rumande kesi yake ikiendelea ni mahabusu. Ibara ya 50 inasema kwamba mshtakiwa huchukuliwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Ukimwita ‘mfungwa’ au ‘mwizi’ mapema, umeshamhukumu, na korti ikimwachilia kesho, jirani zake watakuwa wameshika neno lako.

Kuna pia vitate ‘dhamana’ na ‘thamani’. Mara si haba nimesikia eti fulani “ameachiliwa kwa thamana”, au kwamba gari lililoibwa lilikuwa “la dhamani kubwa”. ‘Dhamana’ ni rehani au ahadi ya kwamba mshtakiwa atarudi kortini. ‘Thamani’ ni kima cha kitu. Maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu, ila mizizi yake ni tofauti. Sauti ‘dh’ na ‘th’ hutamkwa mahali pamoja, ulimi ukiwa kati ya meno, lakini ‘dh’ ni ghuna na ‘th’ si ghuna. Isitoshe, katika maandishi ya Gikuyu, herufi ‘th’ huwakilisha sauti ghuna inayolingana na ‘dh’ ya Kiswahili. Si ajabu basi mkono uliozoea hati hiyo ukateleza.

Kwa muhtasari, anayedhaniwa ni mshukiwa. Aliyefunguliwa shtaka ni mshtakiwa. Anayezuiliwa akisubiri uamuzi ni mahabusu. Aliyehukumiwa kifungo ni mfungwa. Kabla ya kuandika lolote kati ya maneno hayo, uliza kwanza kesi imefika wapi.