Wafasiri wa Kujitolea na Lugha za Programu kwa Watoto

1. Asili

Mwaka 1967, huko Cambridge katika jimbo la Massachusetts, Marekani, Wally Feurzeig, Seymour Papert na Cynthia Solomon walibuni Logo, lugha ya programu iliyokusudiwa watoto. Papert, mzaliwa wa Pretoria, Afrika Kusini, alishikilia kwamba yafaa mtoto aiamuru kompyuta, wala si kompyuta imwamuru mtoto. Wazo hilo lilirithiwa na Scratch, iliyotolewa kwa umma mwaka 2007 na kikundi cha Mitchel Resnick katika chuo cha MIT. Katika Scratch mtoto haandiki amri; huunganisha vipande vya rangi vyenye maneno, na picha ya paka ikasogea au ikasema. Chombo hiki hutolewa bure, na kikishawekwa katika kompyuta chaweza kutumika pasipo intaneti.

Hata hivyo, bei si kizuizi cha pekee. Mtoto asiyeweza kusoma maneno ya kipande hawezi kujua kitafanya nini.

2. Kazi ya kujitolea

Scratch hupatikana katika lugha zaidi ya 70, Kiswahili kikiwamo, na sehemu kubwa ya tafsiri hizo ni kazi ya watu wa kujitolea. Maneno yote ya chombo hupangwa katika orodha. Mmoja hufasiri, mwingine hukagua. Neno lisilofasiriwa hubaki kwa Kiingereza. Nalo toleo jipya, kama lile la tatu la Januari 2019, huweza kuleta maneno mapya. Kwa hiyo tafsiri iliyokamilika jana yaweza kuwa na mapengo kesho, ikiwa waliojitolea wametawanyika.

3. Sarufi ndani ya kipande

Ugumu wa kazi hii ni wa kiisimu kuliko wa kiufundi. Kwanza, lipo suala la hali ya kitenzi. Kifaransa kimechagua kitenzi-jina: « avancer de 10 pas ». Mfasiri wa Kiswahili anaweza kuandika « kusonga hatua 10 » au « songa hatua 10 ». Amri ni fupi zaidi, tena yalingana na wazo la Papert.

Pili, kuna nafasi ya tarakimu, ambayo mtoto huijaza apendavyo. Nomino « hatua », « mara » na « sekunde » hazibadiliki: hatua 1, hatua 10. Lakini mfasiri akitumia « kitu », tarakimu 1 itadai « kitu » na tarakimu 10 itadai « vitu », ilhali kipande ni kimoja. Basi busara ni kuchagua nomino zisizobadilika katika wingi.

Tatu, na hapa ndipo penye mtego, ni upatanisho wa kiima. Kipo kipande kinachouliza kama picha inagusa kitu fulani. Kiingereza hakitaji kiima, wala hakipati shida. Kwa Kiswahili, paka anagusa, mpira unagusa, gari linagusa. Mfasiri hajui mtoto atachora nini. Anaweza kuihesabu kila picha kuwa kiumbe hai, na kuandika « anagusa ». Au akaandika « kugusa », pasipo kiima. Njia ya kwanza yamfaa msimulizi wa hadithi. Ya pili hulinda sarufi. Uamuzi huo ukishafanywa, sharti ufuatwe katika vipande vyote.

4. Hitimisho

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Lugha rasmi ni Kifaransa. Mtoto wa Lubumbashi au Bukavu ambaye bado hajakimudu Kifaransa anaweza kuelewa « songa » na « rudia mara 10 » bila mkalimani. Lakini Kiswahili cha mtaani kwake hakifuati daima upatanisho wa Kiswahili sanifu, na sentensi ndefu yenye viambishi vingi yaweza kumtatiza. Tafsiri inayomfaa ni ile iliyosomwa kwanza na watoto wa aina yake.

Kazi hiyo haihitaji fundi wa kompyuta. Inahitaji watu wanaojua ngeli, wenye subira ya kukagua orodha ndefu, na walio tayari kuirudia kila toleo jipya linapotoka. Watu wa namna hiyo hupatikana katika idara za lugha kuliko popote pengine.