Maji ya Tana Hayangoji Idhini

Kila masika yanapokaribia, suali moja huulizwa kwa sauti ya chini baada ya darsa za akina mama: je, mke ambaye mumewe yuko mbali anaruhusiwa kuihama nyumba akiambiwa kwamba mto unakuja? Kwa msomaji wa Bamburi, ambaye mafuriko kwake ni kichochoro kujaa maji siku moja au mbili, suali hili huenda likaonekana dogo. Lakini wengi wetu tuna dada, shangazi na wakwe katika Kaunti ya Tana River, kutoka Madogo na Bura hadi Hola, Garsen na Kipini. Kwa hao, jawabu lake laweza kuwa ndilo linalotenganisha uhai na mauti.

Kwanza tuujue mto wenyewe. Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya. Urefu wake wakaribia kilomita 1,000. Maji yake hutoka milima ya Aberdare na Mlima Kenya, hupitia mabwawa ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha huteremka Garissa na kuingia katika nchi tambarare isiyo na kilima cha kuyazuia. Kwa sababu hiyo mtu wa Hola aweza kufurikiwa chini ya jua kali, bila ya kuona wingu hata moja, kwa mvua iliyonyesha bara siku nyingi kabla.

Wala tusiwadhanie ujinga wanaoishi ukingoni. Mto huo ukifurika kwa kiasi ni neema. Wapokomo wamelima mpunga na ndizi kwa kuyafuata maji yanapopanda na yanaposhuka, na Waorma na Wawardei wamelisha ng'ombe wao katika majani yanayoota maji yakishajitenga. Mwaka ambao mto haufuriki kabisa ni mwaka wa njaa. Anayewaambia watu hawa wahame moja kwa moja hajui anawaambia waende wakale nini. Shida ni ile miaka ambayo maji hupita kiasi. Wazee huihesabu: 1961, kisha El Niño ya 1997 na 1998, kisha 2018, na baadaye mara mbili mfululizo, mwishoni mwa 2023 na masika ya 2024.

Safari hizo mbili za mwisho zina funzo lake. Mwaka 2023 wataalamu wa hali ya hewa walitangaza mapema kwamba mvua za vuli zitazidi kawaida. Mwezi Oktoba taifa likaambiwa kutoka ngazi za juu za uongozi kwamba El Niño ya maangamizi haitakuja. Novemba ikaja, na Tana River ikawa miongoni mwa kaunti zilizoumia zaidi. Mtu aliyeambiwa leo hili na kesho lile huacha kusikiliza. Simlaumu. Ila mto haujui kwamba ameacha kusikiliza.

Masika ya 2024 yakawa mazito zaidi. Karibu watu 300 walifariki nchini kote. Bwawa la Masinga lilijaa mpaka likamwaga, barabara ya Garissa ikakatika eneo la Madogo na Mororo, na watu wakawa wanavushwa kwa mashua mahali ambapo juzi palipita basi. Tarehe 28 Aprili mashua moja iliyojaa abiria ilipinduka Kona Punda. Msalaba Mwekundu walitangaza kuwa watu 23 wameokolewa. Wengine hawakurudi kwao. Mapema mwezi wa Mei kipindupindu nacho kikaripotiwa katika kaunti hiyohiyo, kwani maji yanayoingia chooni ndiyo hayohayo yanayoingia kisimani.

Hata hivyo mto huu una rehema moja ambayo mito mingine haina. Maji yanayomwagika Masinga huchukua siku kadhaa kuufikia upande wa chini. Kampuni ya KenGen hutoa tahadhari bwawa linapokaribia kujaa, Idara ya Hali ya Hewa hutangaza, redio husema, na machifu hupita. Kwa hiyo siku zipo. Siku hizo hupoteaje?

Nyingi hupotea ndani ya nyumba. Mume yuko Mombasa kwa kibarua, au yuko na mifugo mbali, na simu haishiki. Mke amelelewa kujua kwamba hatoki bila ya idhini, naye anachelea kuambiwa kwamba aliiacha nyumba na mali ya watu ikaibiwa. Basi hungoja. Jirani naye humtazama yeye, akiona hajatoka hungoja vilevile.

Jawabu la kisheria ni jepesi kuliko watu wanavyodhani. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, wanavyuoni waliozungumzia kutoka kwa mke bila ya idhini walitaja wazi kwamba nyumba ikichelewa kuanguka, au akihofia nafsi yake, kutoka kwake si uasi. Hapungukiwi na haki yake ya matumizi wala hapati dhambi. Zaidi ya hayo, akiwa na watoto, kuwatoa ni wajibu juu yake, na anayejua maji yanakuja akawabakisha kwa kungoja simu amelipa jambo lisilo la lazima daraja ya jambo la lazima.

Yuko mwingine ambaye suali lake ni zito zaidi: mjane aliye edani. Huyu hukaa katika nyumba aliyofiliwa na mumewe, na wengi wetu tumewafundisha hivyo kwa mkazo, pengine bila ya kuwaambia upande wa pili wa mas-ala. Wanavyuoni walewale waliomwajibishia kukaa wamemruhusu kuhama akihofia kuanguka kwa nyumba, kuzama, moto au adui. Huhamia mahali pa salama palipo karibu na kuikamilisha eda yake huko. Eda haivunjiki. Na maimamu wa vijiji vya mtoni walitangaze hili kwa ndimi zao kabla ya mvua, kwa sababu mjane hatauliza siku ambayo maji yamemfika magotini.

Watakuja wenye kusema kwamba ajali ikifika imefika, na kukimbia ni upungufu wa imani. Sayyidna Umar (Radhi za Allah ziwe juu yake) aliulizwa karibu hivyohivyo na Abu Ubayda, mwaka wa 18 Hijria, alipogeuza msafara wake asiingie Sham iliyokuwa na tauni ya Amwas. Jawabu lake, kwa maana yake, lilikuwa kwamba anatoka katika kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda katika kadari Yake nyingine. Kisha akapiga mfano wa mchunga ngamia mwenye bonde la pande mbili, upande wenye majani na upande mkavu: kokote atakakolisha, analisha kwa kadari ya Mungu. Mfano huo hakuna atakayeufahamu upesi kuliko Muorma.

Na haya ya idhini si ya kwetu peke yetu. Mwezi Aprili 1991 kimbunga kiliipiga Bangladesh, nchi ya Waislamu, ya mito na tambarare kama delta yetu, kikaua watu wapatao 138,000. Waliochunguza baadaye waliona kwamba wanawake walikufa kwa wingi kuliko wanaume. Wengine walikuwa wakiwangoja waume zao, wengine wakiona haya kuingia katika majengo ya kukimbilia yaliyojaa wanaume wasio maharimu, na wengine nguo ndefu ziliwazuia kuogelea. Wabangladeshi hawakuitupa dini yao kwa hayo. Walijenga majengo zaidi, wakatenga sehemu za wanawake, wakaingiza wanawake kwa maelfu katika vikosi vya kujitolea vinavyopita mlango kwa mlango, na vipaza sauti vya misikiti vikawa vya kutangaza dhoruba pamoja na adhana. Mwezi Mei 2020 kilipokuja kimbunga Amphan, watu zaidi ya milioni mbili walihamishwa mapema, na waliokufa nchini humo walihesabiwa kwa makumi.

Kwetu, Katiba ya 2010 imeziachia kaunti kazi ya kukabiliana na maafa. Basi wenye kura huko wana haki ya kuuliza kambi ya mwinuko iko wapi kabla ya mvua, na je, ina vyoo vya wanawake vyenye mlango na taa. Mama hataondoka kwake kwenda mahali ambapo hawezi kujisitiri usiku. Ninaliona hili kuwa kubwa kuliko mahema.

Lakini yako ambayo hayangoji kaunti. Mwanamume wa Bamburi, Kisauni au Likoni mwenye mke Tana, mpigie simu wiki hii, si siku ya mafuriko, umwambie: ukisikia tangazo, toka, usinitafute. Mwambie mbele ya mama yako, ili asije akalaumiwa na wakwe. Mtajie nyumba ya kwenda na nauli ataitoa wapi. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa na karatasi za shamba viwekwe katika mfuko mmoja wa plastiki usiopitisha maji, vining'inie mahali anapopafikia kwa mkono mmoja, kwa sababu mwingine utambeba mtoto. Dawa za sukari na presha za wazee ziwe humo humo. Kuku wataachwa, na mpunga uliobaki utaachwa. Mwambie mapema kwamba hutamdai.

Ikimlazimu kuvuka kwa mashua, asipande iliyojaa, hata nahodha akiapa. Buibui likimlemea majini alivue, na hilo pia si la kuomba ruhusa. Akifika kambini maji ya kunywa yachemshwe, hata yakionekana safi, na mtoto akiharisha apelekwe kwa wauguzi siku hiyohiyo bila ya kungoja asubuhi. Namba ya dharura ya Msalaba Mwekundu ni 1199; aiandike ukutani na aiandike mkononi mwa mtoto mkubwa, kwani simu hulowa.