Mnara wa Kwenye Kompyuta na Mikorosho ya Nkowe

Mwanafunzi wa uzamili ameketi maabara ya Kijitonyama, Dar es Salaam. Anafungua ramani ya Wilaya ya Ruangwa, anausimamisha mnara wa mita 45 jirani na Nkowe, anabofya. Dakika mbili hazijaisha, skrini imejaa kijani: mtandao unashika hadi kilomita 12. Hajanunua hata mfuko mmoja wa saruji. Huo ndio utamu wa uigaji wa kompyuta, na mtego wake uko papo hapo.

Kijani kile kimetoka kwenye mlinganyo, na unaopendwa sana kwenye tasnifu ni wa Okumura na Hata. Okumura na wenzake walipima mawimbi Tokyo na viunga vyake, wakachapisha grafu zao mwaka 1968. Masaharu Hata akazigeuza mlinganyo mwaka 1980, wa masafa ya megahezi 150 hadi 1,500 tu. Ukiulisha megahezi 1,800, kompyuta haikatai. Inakupa jibu, tena lenye desimali nne!

Ramani ya vilima nayo ina yake. Data inayotumika sana, kwa kuwa ni ya bure, ilikusanywa kwa rada kutoka angani Februari 2000. Rada ile haikufika chini kila mahali. Penye msitu mnene ilisoma matawi, ikayahesabu kuwa ardhi. Na shamba la mikorosho lililopandwa baada ya hapo halimo kabisa.

Mti wenyewe si wa kudharau. Wimbi la redio halisafiri kama uzi uliovutwa. Linataka nafasi iliyotuna katikati mfano wa pipa. Kwa megahezi 900 na umbali wa kilomita 10, pipa hilo hapo katikati lina nusu kipenyo cha mita 29 hivi. Mstari wa kutoka kilele cha mnara wetu hadi simu iliyo mkononi, kwenye tambarare, uko mita 23 tu juu ya ardhi. Yaani hata pasipo mti pipa linakwangua udongo. Weka sasa mkorosho, ambao hubaki na majani mwaka mzima, tofauti na miombo inayopukutisha kiangazi.

Ndiyo maana tasnifu isiyo na vipimo vya shambani mimi huisoma kwa shaka. Mwanafunzi apande basi, ashike kipokezi, apite chini ya mikorosho masika na kiangazi, kisha arudi kuurekebisha mlinganyo. Tuseme uigaji umekosea desibeli 6: nguvu ya mawimbi imekadiriwa mara nne ya ilivyo, na kwa mlinganyo huohuo wa Hata zile kilomita 12 zinabaki 8. Mkulima aliye kwenye kilomita ya kumi, anayesubiri ujumbe wa malipo ya korosho zake, yuko juu ya kichuguu, simu kainyanyua.