Joto na Halijoto: Mahali Wanapokutana Mhandisi wa Umeme na Mhandisi wa Mitambo

Katika mazungumzo ya kila siku neno "moto" latutosha: maji ya moto, waya una moto, mashine imeshika moto. Katika uhandisi neno hilo halitoshi. Makala hii yakusudia kueleza sababu yake, kwani hapo ndipo fani ya umeme na fani ya mitambo zinapokutana.

Mwaka 1822 Mfaransa Joseph Fourier alichapisha nadharia yake ya joto. Mwaka 1827 Mjerumani Georg Ohm, akifuata mfano huo, alieleza mwendo wa umeme. Ndiyo maana kanuni zao zafanana. Katika umeme, tofauti ya volti husukuma mkondo, nao ukinzani huuzuia. Vivyo hivyo, tofauti ya halijoto husukuma mtiririko wa joto, nao ukinzani wa joto huuzuia. Basi halijoto yalingana na volti, na joto linalotiririka lalingana na mkondo. Anayeyaita yote mawili "moto" hawezi kuiandika hesabu hiyo.

Tuchukue mfano wa thairista inayotoa wati 20 za joto. Kati yake na hewa pana ukinzani wa digrii 2.5 kwa kila wati, na hewa ina digrii 30. Thairista itafikia digrii 80, yaani 30 kujumlisha 50. Mhandisi wa umeme ndiye ajuaye zile wati 20. Wa mitambo ndiye achaguaye alumini, mapezi na feni ili kupunguza ukinzani. Hakuna awezaye kulijibu swali peke yake.

Njia ya umeme ya Inga hadi Kolwezi, yenye kilomita 1,700 hivi, iliyokamilika mwaka 1982, yaonyesha jambo hilo kwa ukubwa. Mkondo ukiongezeka maradufu, joto katika waya huongezeka mara nne. Kwa hiyo umeme husafirishwa kwa volti 500,000 ili mkondo uwe mdogo. Hata hivyo, waya ukipata joto hurefuka, hulegea na kukaribia ardhi. Hapo hesabu ya mitambo huingia katika kuamua kimo cha minara.

Wanafunzi wetu husoma fani hizi kwa Kifaransa, kisha huwaelekeza mafundi kwa Kiswahili. Fundi aliyeambiwa tu kwamba transfoma "ina moto" hajui kama apunguze mzigo au asafishe mapezi. Kiswahili sanifu kinayo maneno mawili, joto na halijoto. Ni wajibu wetu kuyafundisha tangu somo la kwanza.