Kusoma Maandamano: Utangulizi kwa Mwanafunzi Mpya

Jumanne tarehe 18 Juni 2024, wabunge wa muungano unaotawala Kenya walitoa tangazo Ikulu wakitarajia kutuliza nyoyo. Kodi ya VAT ya asilimia 16 iliyokuwa iwekwe kwenye mkate imeondolewa, walisema, na ile ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari nayo imefutwa. Siku hiyohiyo vijana walifurika katikati ya Nairobi. Alhamisi iliyofuata maandamano yalikuwa yameenea Mombasa, Kisumu, Nakuru, Eldoret na miji mingine mingi. Mkate umenusurika, na waandamanaji wameongezeka. Kwa nini?

Swali hilo ndilo mlango ninaokufungulia. Taaluma ya maandamano ina vitabu vingi na nadharia za kutosha, lakini anayeingia humo bila swali linalomkosesha usingizi hutoka na istilahi tu.

Tuanze na majibu ya wakongwe. Mwanahistoria Mwingereza E. P. Thompson, katika makala yake ya 1971 kuhusu watu waliovamia masoko ya nafaka nchini mwake katika karne ya 18, alikanusha dhana kwamba mwenye njaa huongozwa na tumbo peke yake. Watu wale, alisema, walikuwa na kipimo chao cha haki. Mfanyabiashara aliyeficha ngano wakati wa uhaba alikuwa amevunja ada, na umati uliposhika nafaka na kuiuza kwa bei iliyokubalika, ulikuwa unairudisha ada hiyo mahali pake. Makala hiyo isome mapema, kwa maana imewafundisha wengi wetu kuuheshimu umati. Hata hivyo, kwa mantiki yake, bei ikirudi palipokuwa, watu nao hurudi nyumbani. Nairobi hawakurudi.

Mfaransa Jean-François Bayart alileta jibu jingine mwaka 1989 alipoandika juu ya siasa ya tumbo barani Afrika: cheo ni sahani, na walio nje ya meza huvumilia kwa sababu wanatumaini mtu wao ataketi kesho. Wakenya hawahitaji Mfaransa kuwaeleza hayo. Kuanzia kashfa ya Goldenberg hadi Anglo Leasing wameishi na kauli ya "zamu yetu ya kula". Lakini vijana wa Juni 2024 walitangaza kwamba hawana chama, hawana kabila, na hawana kiongozi. Zamu ya nani, basi, walikuwa wakiidai?

Nionavyo mimi, jibu liko katika kile walichokuwa wamekisoma. Mswada wa Fedha, uliobeba kodi hizo na ambao kwa miaka mingi ulikuwa karatasi ya wahasibu na mawakili, safari hii ulisomwa kwenye simu, kifungu kwa kifungu. Kuna waliojitolea kuufasiri katika lugha za makabila, na kuna walioufafanua kwa video fupi za TikTok. Nao hawakuusoma peke yake. Waliuweka kando ya bajeti, wakaona fedha za kukarabati Ikulu na za ofisi za wake wa viongozi. Wakakumbuka kwamba mwezi uliotangulia tu ndipo madaktari wa hospitali za umma walipomaliza mgomo wa siku 56, ambao mojawapo ya sababu zake ilikuwa madaktari wanagenzi kutopangiwa vituo wala kulipwa. Wakatazama wanasiasa wakishuka kutoka helikopta kwenda kumwaga mamilioni katika harambee za makanisa. Ukiyaweka hayo yote pamoja, bei ya mkate huwa jambo dogo. Walichohoji ni wapi shilingi inakwenda baada ya kutoka mfukoni mwa mama mboga.

Ushahidi wenye nguvu zaidi ulitoka kwa serikali yenyewe. Tarehe 5 Julai Rais William Ruto alitangaza kuvunjwa kwa mashirika 47 ya umma, kuondolewa kwa bajeti za ofisi za wake wa viongozi, na kuzuiwa kwa maofisa wa serikali kuchangisha au kuchangia harambee. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwamo katika Mswada wa Fedha. Aliyekuwa akijibu alilielewa swali aliloulizwa.

Usije ukadhani kwamba yote haya yalianza na simu. Tarehe 16 Machi 1922, umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi Nairobi kudai Harry Thuku aachiliwe. Thuku alikuwa amepinga kipande (kitambulisho cha kazi walicholazimishwa kubeba Waafrika), kodi ya kibanda iliyopandishwa, na kupunguzwa kwa mishahara. Wazee waliokwenda kuzungumza na serikali waliporudi na kuwataka watu watawanyike, Mary Muthoni Nyanjiru aliinua nguo yake mbele ya wanaume na kuwaambia wachukue nguo hiyo wampe yeye suruali zao. Umati ukasonga mbele, risasi zikalia, naye akawa miongoni mwa waliouawa. Serikali ya kikoloni ilihesabu maiti 21, na wengine walisema ni zaidi ya hapo mara kadhaa.

Miaka 70 baadaye, mwanzoni mwa 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa Uhuru Park pamoja na Wangari Maathai, wakagoma kula. Polisi walipowavamia tarehe 3 Machi, baadhi yao walivua nguo. Baadaye walihamia Kanisa la All Saints wakaendelea na madai yao humo kwa miezi mingi, na wengi wa vijana wao hatimaye waliachiliwa. Mwanasosholojia Charles Tilly ametufundisha kwamba watu hawabuni upya namna ya kudai kila wanapodai, bali hurithi mbinu, wakaziongeza na kuzipunguza. Nyanjiru na akina mama wale ni mfano bora kuliko mingi iliyomo vitabuni. Ukitaka wa pwani, soma mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947, uliosimamisha bandari na reli. Saba Saba ya 1990, maandamano ya kudai vyama vingi, utaikuta kila mahali, sitakaa juu yake.

Sasa rudi 2024, tarehe 25 Juni. Wabunge 195 waliupitisha mswada, 106 wakaukataa. Muda mfupi baadaye waandamanaji waliingia Bunge, siwa ikachukuliwa, sehemu ya jengo ikashika moto, na nje risasi za moto zikapigwa. Katika moshi wa vitoza machozi, Msikiti wa Jamia uligeuzwa kituo cha kuwahudumia majeruhi bila kuulizana dini. Siku hiyo ina mambo mengi kuliko picha ya moto iliyozunguka dunia. Kesho yake Rais alikataa kutia sahihi mswada aliouhitaji.

Kisha ikaja kazi ngumu ya kuhesabu wafu. Tarehe 30 Juni Rais alitaja 19, na kesho yake Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ikasema 39. Miezi ilipopita, hesabu ya tume hiyo ilifika 60. Wewe unayeingia katika taaluma hii, jifunze kuuliza nani kahesabu, wapi, na kwa daftari gani. Kila tarakimu hapo ni mtoto wa mtu.

Wala usilifunge daftari moshi ukiisha. Ilipofika Desemba 2024, sheria nyingine ya kodi ilirudisha baadhi ya mapendekezo yaliyokataliwa. Baraza la mawaziri lililovunjwa Julai liliundwa upya likiwa na baadhi ya walewale, wakaongezewa wanasiasa wa upinzani. Vijana waliojulikana kwa kuikosoa serikali walitekwa na watu wasiojitambulisha. Je, waandamanaji walishinda? Utafiti wa Erica Chenoweth na Maria Stephan wa 2011 hutajwa sana penye swali hili, lakini wao walipima hasa kampeni za kuuangusha utawala au kumtoa mkaliaji wa kigeni. Madai kuhusu zahanati isiyo na dawa hayamo katika kipimo chao, na naamini eneo hilo ndilo lililo tupu zaidi, na linalokusubiri.

Nina ombi moja lisilojadiliwa. Usichapishe sura wala jina la kijana aliyekuamini. Picha ya mwandamanaji ikishatoka mikononi mwako, huchagui tena nani ataitumia wala kwa nini.

Na kabla hujabisha hodi kwa wa kwanza wa kumhoji, chukua ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuhusu kaunti yako. Tafuta humo zahanati moja au barabara moja iliyokwisha kulipiwa, uende ukaione, na uandike ulichokikuta.